Vinundu vya Malemba

Asubuhi aliyopaswa kumpasua Malemba Shako, Daktari Saru Mwadime alimwambia uongo.

"Mashine ya kuchemshia vyombo imeharibika," alisema. "Siwezi kukugusa na visu ambavyo sina hakika navyo. Itabidi usubiri, Mama Wakio."

Malemba alikuwa tayari kitandani, gauni la zahanati limefungwa kwa nyuma, leso yake ameikunja vizuri juu ya mto. Kinundu cha shingoni mwake kilikuwa kimefikia ukubwa wa limau. Kilimfanya ainamishe kichwa upande mmoja, kama mtu anayetega sikio asikie jirani anasema nini. Kila alipovuta pumzi, mluzi mwembamba ulisikika.

"Nisubiri mpaka lini?"

"Fundi ataitwa kutoka Voi. Huenda ikawa mpaka vuli."

"Na hiki kitanisubiri?"

"Nitakuwa nakuangalia kila wiki."

Malemba alifikiri kidogo, kisha akaanza kufungua gauni. "Basi usijitese, Daktari. Mashine ni mashine." Alivaa nguo zake, akatoa kifurushi kapuni. "Ndizi za kuchoma. Nilikuletea ule baada ya kazi, maana nyinyi mkishika kisu mnasahau kula. Kula tu, ingawa kazi haikuwapo."

Saru alikipokea kwa mikono miwili. Alisimama dirishani akamtazama mama yule akiteremka njia ya mawe, akipumzika mara kwa mara, mkono kiunoni. Halafu akaingia chumba cha pili, ambako mashine ya kuchemshia vyombo ilikuwa inafuka mvuke.

Daktari Kilelo Maghanga alikuwa ameinama juu ya darubini. Ndiye aliyesimamia vinundu katika kaunti nzima, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuwa amelala kitandani kwake kwa muda mrefu.

"Amekubali?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Amenipa ndizi," Saru akasema.

Kilelo akainua kichwa. Alisogea pembeni amwachie nafasi. "Tazama tena. Ukitazama tena utanielewa."

Saru alitazama. Chini ya kioo kulikuwa na tone walilolivuta kwa sindano kutoka kinundu cha Malemba. Lilikuwa la rangi ya waridi. Kando yake Kilelo alikuwa ameweka matone mengine, ya wagonjwa wengine, na yote yalikuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Watu wa milima ya Taita walikuwa wameishi na vinundu kizazi kizima. Udongo ulipokufa, maharagwe na kunde viliota majani tu bila maganda, kwa sababu bakteria waliokuwa wakiishi katika vivimbe vya mizizi yake walikuwa wametoweka. Ng'ombe na kuku walikwisha kwa maradhi. Vilivyobaki ni muhogo, ndizi, na mahindi kidogo. Ndipo wataalamu wakawachukua bakteria wachache waliohifadhiwa, wakawazoesha kuishi katika nyama badala ya mzizi. Mtoto alipofikisha mwaka alipandikizwa mbegu moja shingoni, mbegu ikawa kinundu mama, na kinundu mama kikatuma nyuzi chini ya ngozi zikaota vinundu vidogo mikononi na mbavuni. Kazi yake ilikuwa ileile ya kwenye kunde: kuchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula. Mtu alikula muhogo wake mtupu na mwili ukapata protini humohumo ndani. Meli za msaada ziliacha kuja kwa sababu hazikuhitajika tena.

Kisha ukaja mnyauko, kirusi kinachokula bakteria wale. Kinundu kilichoshikwa kiligeuka kijivu, kikasinyaa kama njugu kavu. Watu wazima walidhoofika polepole. Watoto hawakuwa na nafasi ya polepole.

"Mwili mmoja tu," Kilelo alisema nyuma yake. "Katika kaunti nzima. Labda ni vumbi la yale machimbo anayofanyia kazi, labda ni bahati, sijui. Vinundu vyake vimeukataa mnyauko. Vikikomaa, vuli hivi, vitatoa mbegu za kuwapandikizia watoto. Ukivikata leo, kabla havijakomaa, vinakufa mkononi mwako."

"Na visipokatwa vitamziba koo. Huo ukaidi wa vinundu ndio unaovifanya vikue hivyo."

"Labda vitamziba. Labda vuli itafika kwanza."

"Basi tumwambie. Tumwombe."

Kilelo alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la koti. "Saru, mtu akiambiwa kwamba akikataa watoto watakufa, huyo ameombwa, au ameshikiwa panga? Sasa hivi anangoja mashine. Usingizi anaupata. Mzigo huu niachie mimi niubebe."

"Utaubebaje? Shingo si yako."

Kilelo aliirudisha miwani usoni. Mle wodini mtoto alianza kulia, kilio kikavu kisicho na nguvu, na wote wawili wakaenda.

Mtoto aliitwa Mkawasi, umri wake miaka minne. Nywele zake zilikuwa zimepauka zikawa rangi ya kutu, na miguu imevimba hata kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Mama yake, Samba, alikuwa akijaribu kumnywesha unga wa protini uliochanganywa na maji. Unga ule ulikuja kidogo kidogo kutoka Mombasa na ulipimwa kwa kijiko. Mtoto aligeuza uso ukutani.

"Daktari," Samba alisema, "jana alicheka. Nilidhani anapata nafuu."

Saru alikibonyeza kinundu cha mkononi mwa mtoto. Kiliteleza chini ya kidole kikiwa kigumu na baridi.

*

Saru aliuvumilia uongo ule hadi Malemba alipokuja kuangaliwa. Mluzi ulikuwa umeongezeka. Malemba alimsimulia jinsi alivyoanza kulala ameketi, akauliza habari za fundi, akasema pengine barabara imeharibika, maana mafundi wa siku hizi hawapendi kusukuma pikipiki milimani. Saru aliitikia. Siku iliyofuata alimwachia muuguzi zahanati, akapanda gari la mchanga lililokuwa likishuka kuelekea machimboni.

Shimo halikuwa refu. Liliingia mlimani kwa mshazari, na mwamba wake ulikuwa mweusi wa kung'aa, ukiugusa unakuachia masizi. Wanawake watatu walikuwa wanachota kifusi mlangoni. Malemba alikuwa ndani zaidi, amepiga magoti, nyundo ndogo mkononi.

"Daktari? Umepotea njia?"

"Nimekutafuta wewe."

"Basi kaa hapo, usiegemee, utachafuka. Nimalize hiki."

Mbele yake, ndani ya mwamba mweusi, lilichomoza jiwe la mviringo kama ngumi. Wachimbaji waliyaita mawe yale viazi. Mengi yalikuwa matupu. Machache yalikuwa na kito cha kijani ndani. Malemba hakulipiga jiwe lenyewe. Alipiga mwamba kando yake, kidogo kidogo, akilizunguka.

"Wengine hutia baruti," alisema kati ya pumzi na pumzi. "Wanapata vumbi la kijani. Zuri kulitazama, lakini ni vumbi."

Saru alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoka.

"Mama Wakio, mashine haikuharibika."

Nyundo iligonga mara nyingine mbili, kisha ikatulia.

Saru akamweleza yote: mnyauko, tone la waridi, mbegu, wodi. Alimweleza pia kwamba angeweza kupasuliwa kesho yake na kupona kabisa. Hakumtaja Kilelo. Wale wanawake mlangoni waliendelea kuchota, na sauti ya koleo zao ikawa ndiyo pekee inayosikika.

"Ulinitazama machoni," Malemba alisema, "ukaniambia fundi anatoka Voi."

"Ndiyo."

"Na mimi jana nikakaa namwonea huruma huyo fundi na pikipiki yake."

Malemba aliiweka nyundo chini.

"Sasa umekuja kufanya nini? Ungeendelea tu. Nilishakubali."

"Nilisikia mluzi wako jana. Nikafikiri kwamba ukifa, utakufa ukiingoja mashine ambayo ni nzima."

Malemba alijifuta uso kwa kiganja akaacha alama nyeusi shavuni. Aliponena tena, hakupandisha sauti, na huko kutopandisha ndiko kulikomuumiza Saru.

"Kabla hujaingia humu nilikuwa mgonjwa. Mgonjwa tu, kama wagonjwa wengine. Sasa umenifanya mama wa watoto wote wa mlima huu, na sikuulizwa kama nataka kuzaa. Nikikatwa, nimewaua. Nisipokatwa, huenda namwacha Wakio yatima, hajamaliza hata shule. Ulipodanganya ulinidharau, Daktari. Uliposema ukweli umenitwika. Sijui lipi baya zaidi."

"Hata mimi sijui."

"Nenda. Nitakuja au sitakuja."

*

Aliyekuja kwanza ni mumewe, Nyambu. Alikuwa na kinu cha kusaga muhogo, na unga haukumtoka kamwe kwenye nyusi. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya Saru, kofia mkononi.

"Hajui kama nimekuja," alisema. "Nakuomba umpasue. Sitaki kusikia habari za mbegu."

"Akisema nimpasue leo, nitampasua leo, Baba Wakio. Hata kama daktari mkuu amesimama mlangoni."

"Hatasema. Namjua. Alinyamaza mezani, na yeye akinyamaza mezani huwa ameshaamua." Aliigeuza kofia. "Hawa watoto wana baba zao. Kila mmoja na wake. Mimi nina mke mmoja. Nikisema hivyo, mimi ni mtu mbaya?"

"La," Saru alisema. "Si mbaya."

Nyambu alipotoka alikosea mlango akaingia wodini. Saru alimwona amesimama kati ya vitanda. Samba alidhani ni mhudumu, akamwomba amsaidie kumgeuza mtoto upande wa pili, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umeanza vidonda. Nyambu aliweka kofia sakafuni. Alimgeuza Mkawasi kwa mikono yake mikubwa ya kinuni, na alama ya unga ikabaki kwenye shuka. Kisha akaokota kofia, akaondoka bila kuaga.

Siku ya soko walikuja pamoja, Nyambu amejitwika godoro. Malemba alikaa kitandani kabla hajakaribishwa.

"Nitasubiri," alisema. "Lakini siku nikisema kata, unakata. Hutaniuliza kama nimewafikiria watoto. Nitakuwa nimewafikiria."

"Nimekubali."

"Na jina langu lisitajwe. Sitaki kupigiwa magoti sokoni."

Kilelo alikuwa ameingia nyuma yao. Alisogea mpaka miguuni pa kitanda. "Mama, mimi ndiye niliyemtuma daktari akudanganye. Yeye hakutaka."

Malemba alimtazama kwa muda, mtu yule mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nilijua kuna mwingine," alisema. "Huyu peke yake asingeweza. Haya, nishikie hiki kikombe, mkono umechoka."

Kilelo akakishika kikombe.

*

Kusubiri kulikuwa kazi. Malemba alilala ameketi, ameegemezwa magunia ya pumba. Vinundu vya mikononi viliiva taratibu, ngozi juu yake ikawa nyekundu na yenye joto. Kile cha shingoni nacho kilikua. Sauti yake ilipungua ikawa mnong'ono, halafu akawa anazungumza kwa vidole. Nyambu alifunga kinu adhuhuri kila siku akaja kumkanda miguu. Kilelo mwenyewe ndiye aliyemwosha uso asubuhi na kubadilisha magunia. Kila siku chache alivuta tone kwa sindano akalitazama, na kila mara alisema, "Bado kidogo."

Asubuhi moja, mawingu ya vuli yakiwa yameanza kukusanyika lakini mvua bado, Malemba alikataa uji. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Aliugonga ubao wa kitanda, akainua vidole viwili, akavifumba na kuvifumbua kama mkasi.

Saru alielewa. Kilelo pia alielewa. Mkononi alikuwa na kioo chenye tone la asubuhi ile.

"Wiki moja," alisema chinichini, si kwa mgonjwa bali kwa Saru. "Wiki moja tu na vyote vitakuwa vimekomaa. Tukimpa hewa ya mtungi..."

"Amesema kata."

Nje ya pazia Samba alikuwa anamwimbia mtoto wake. Wote walimsikia. Malemba pia alimsikia, na hakufumba macho. Alimkazia Saru macho, vidole viwili bado juu.

Kilelo alikiweka kioo mezani. Akakunja mikono ya koti, akaenda kunawa. "Nitashika taa," alisema.

Kinundu mama kilikuwa kimejikita ndani kuliko picha zilivyoonyesha. Kilikuwa kimezingira mshipa wa sauti na kuligandamiza koromeo mpaka ukabaki mwanya mwembamba kama unyasi. Kulikuwa na njia mbili. Kukitoa kizima, na kinundu kizima kingekuwa na mbegu nyingi kuliko vingine vyote vikijumlishwa, lakini kukizunguka hivyo kungechukua muda ambao pumzi haikuwa nao. Au kukipasua katikati, koo lipate hewa papo hapo, na mbegu zake zipotee.

Kilelo aliona alichokuwa anakiona Saru. Aliisogeza taa karibu zaidi.

Saru alikipasua katikati.

Kilifunguka kama tunda, na ndani kilikuwa cha waridi mpaka kwenye moyo wake. Kifua cha Malemba kikapanda, kikajaa hewa, kikashuka. Hapakuwa na mluzi. Kilelo aligeukia ukuta kwa muda mfupi, kisha akarudisha taa mahali pake, wakaendelea na vile vidogo.

Vilivyokuwa vimekomaa vilikuwa vichache. Mbegu zake zilitosha kama robo ya watoto wa wodi. Kilelo aliwachagua yeye mwenyewe, na hakumruhusu Saru hata kukaa chumba kimoja naye akichagua. Mkawasi alikuwa miongoni mwao. Safari hii mbegu zilipandikizwa mkononi, mbali na koo. Wengine walingoja mpaka vinundu vya wale wa kwanza vikomae navyo vigawe mbegu, na si wote walioweza kungoja.

Malemba alipoweza kuongea, kwa sauti ya kukwaruza iliyobaki kuwa sauti yake tangu siku ile, swali lake la kwanza lilikuwa, "Waliobaki?"

Saru alimwambia. Aliwataja kwa majina watoto watatu waliokufa, kwa sababu Malemba aliomba majina.

"Ningeifikisha ile wiki?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Nyambu, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, alimtazama Saru kwa macho ya kumsihi aseme hapana.

"Sijui, Mama Wakio," Saru alisema. "Nadhani usingeifikisha. Lakini sijui."

Malemba aliitikia kwa kichwa. Aligeuka ubavu akalia, na Nyambu akaweka mkono wake mweupe wa unga mgongoni mwake. Saru alitaka kutoka awaache, lakini Malemba alikuwa amemshika pindo la koti, na hakuliachia mpaka usingizi ulipomchukua.

*

Mwili uliokatwa vinundu haukubali vingine. Malemba alirudi machimboni na mkebe wake wa unga wa protini, na ulipopungua Nyambu alipanda mwenyewe zahanati kuufuata. Wakio alirudi likizo akaikuta nyumba ina wazazi wote wawili. Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, wodi ilikuwa na vitanda vitupu, na Kilelo alikuwa ameanza kulala kwake.

Siku moja walikutana sokoni. Malemba alikuwa anachagua ndizi, na Saru alikuwa amesimama naye wakizungumza, pale Samba alipokuja kumsalimia daktari. Mtoto alikuwa anatembea mwenyewe, nywele zake nyeusi zimesukwa.

"Msalimie daktari, Mkawasi. Na msalimie mama."

Samba hakumjua. Alikuwa ameshiriki wodi moja na mwanamke yule majuma mengi, pazia kati yao, na hakuwahi kuuona uso wake. Saru alimtazama Malemba, akasubiri aone anachotaka. Malemba alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

Ndani ya mkono wa Mkawasi, chini kidogo ya kiwiko, kulikuwa na kivimbe cha mviringo kama punje ya kunde. Malemba alinyoosha kidole chake chenye masizi, akakigusa. Kilikuwa na joto.

Mkawasi aliuvuta mkono wake akaukumbatia kifuani.

"Changu," alisema.

"Samahani, mama," Samba akasema kwa haya. "Siku hizi hataki mtu akiguse."

"Mwache," Malemba alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. Alibaki amechuchumaa, mkono wake umerudi magotini. "Ndiyo, mwanangu. Ni chako."